Kaa Chini Kabla Hujaangushwa

"Mimba si ugonjwa." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi sana, na karibu kila mara ilitoka kinywani mwa mtu aliyekaa, akimwambia mwanamke aliyesimama. Sina ugomvi nayo. Ni kweli, mimba si ugonjwa. Lakini mwili unaobeba mimba hupanga upya moyo, mishipa, damu na hata pumzi, na wakati kazi hiyo ikiendelea kuna nyakati ubongo hupungukiwa damu kwa muda mfupi. Hapo huulizwi kama wewe ni mgonjwa au mzima. Unaanguka.

Nimebeba mimba zaidi ya moja na kila moja ilinipa kizunguzungu kwa namna yake. Moja ilinishika asubuhi tangu mapema, ikaniachia tumbo lilipoanza kuonekana. Nyingine ilinyamaza miezi yote ya mwanzo, ikaja kunivizia tumbo lilipokuwa kubwa, tena nikiwa nimelala. Nilichojifunza ni kwamba kizunguzungu cha kawaida cha ujauzito chenyewe hakina madhara makubwa. Kinachotuumiza ni kuvumilia. Mwanamke anahisi miguu inalegea, anajikaza, anatabasamu ili asiwasumbue wenzake, anaendelea kusimama mpaka anajikuta sakafuni na watu wamemzunguka.

Ukielewa kinachotokea ndani, hofu hupungua. Mimba ikishatunga, homoni, hasa projesteroni, hulegeza kuta za mishipa ya damu. Mishipa hutanuka mwili mzima ili damu ipite kwa wingi kwenda kwenye mji wa mimba na kwenye figo. Sasa, mishipa hutanuka mapema, tangu wiki za mwanzo, ilhali damu ya kuijaza huongezeka polepole. Ni kama mtu aliyeng'oa mabomba membamba ya nyumba akaweka mapana, huku maji ya kwenye tangi ni yaleyale: wa ghorofa ya juu ndio wa kwanza kulalamika. Kwa binadamu aliyesimama, ghorofa ya juu ni kichwa.

Mwili hujitahidi kuziba pengo hilo. Moyo huongeza mapigo, kwa kawaida kati ya 10 na 20 zaidi kwa dakika, na damu yenyewe huongezeka hadi kufikia asilimia 40 au 50 zaidi ya uliyokuwa nayo, ikafika kilele mnamo wiki ya 32 hadi ya 34. Hata hivyo presha hushuka kidogo kidogo, huwa chini zaidi katikati ya ujauzito, halafu hupanda tena kuelekea siku za kujifungua. Ndiyo maana unaweza kuona kwenye kadi yako ya kliniki presha iliyokuwa 110/70 imekuwa 100/60 na nesi asishtuke. Presha ndogo kwa mjamzito anayejisikia vizuri si habari mbaya. Anayeizimikia ndiye wa kuangaliwa.

Watu husimulia kuzimia kama umeme unavyokatika. Wengi wetu hatuzimii hivyo. Kuna dalili zinazotangulia, na kila mwanamke ana mpangilio wake. Mimi huanza na miayo, miayo mizito isiyo ya usingizi. Kisha joto linapanda shingoni hata kama kuna upepo, jasho jembamba la baridi linatoka juu ya mdomo, sauti za watu zinakuwa kama zinatoka chumba cha pili, masikio yanavuma. Mwisho macho huanza kuingia giza kutoka pembeni. Giza likishaanza, muda uliobaki ni wa sekunde chache. Mwenzangu mmoja yeye huanza na kichefuchefu, mwingine moyo humwenda mbio. Ukishazimia mara moja au kukaribia kuzimia, kumbuka ulianza na nini, kwa sababu safari ijayo huenda ukaanza vivyo hivyo, na dalili ile ya kwanza kabisa ndiyo yenye faida. Hizi nyingine zinakukuta umechelewa.

Dalili ya kwanza ikija, shuka chini. Sisemi utafute kiti. Kiti kinaweza kuwa hatua kumi mbele na hatua hizo huna. Shuka hapohapo ulipo, ukae sakafuni na kuinamisha kichwa kadiri tumbo linavyokuruhusu, au ulale kwa ubavu. Damu ikishakuwa haina haja ya kupanda mlima, inafika kichwani, na baada ya dakika chache unaanza kuona vizuri. Usiinuke mara tu unapojisikia nafuu. Kaa kwanza, vuta pumzi taratibu, kunja na kunjua nyayo, kisha inuka ukiwa umeshika kitu.

Najua kinachozuia wengi: aibu. Kukaa sakafuni mbele za watu ukiwa na tumbo na nguo yako nzuri si jambo dogo. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya vipimo, miayo ikaanza, nikateremka ukutani taratibu mpaka chini. Mama mmoja wa makamo akaniinamia.

"Mwanangu, mbona umekaa chini?"

"Kizunguzungu, mama. Niache kwanza, nitainuka."

"Basi usiinuke. Nafasi yako naishika mimi."

Nimempenda mama huyo mpaka leo kwa sababu hakuniinua. Wengi wangeniinua. Ni huruma, lakini kumsimamisha mtu ambaye damu yake imekimbilia miguuni ndiko kunakommalizia. Kama uko karibu na watu wepesi wa kushika watu mikono, jizoeze kusema mapema, kwa sauti ya kusikika: "Msiniinue."

Foleni, kwa kweli, ni adui mkubwa kuliko kazi. Mtu anayetembea husukuma damu kurudi juu kila misuli ya mashavu ya miguu inapojibana. Anayesimama wima bila kusogea hana msukumo huo, na damu hutuama kwenye miguu. Ongeza joto la chumba kilichojaa watu, linalozidi kutanua mishipa, uone kama utamaliza salama. Pale usipoweza kukaa, jongea: hamisha uzito mguu huu kwenda ule, panda na kushuka kwenye vidole. Ukiona hali inaharibika na pa kukaa hakuna kabisa, pishanisha miguu ukiwa umesimama, bana mapaja na makalio kwa nguvu, kunja ngumi. Kubana huko hupandisha presha kwa muda, ukapata nafasi ya kushuka chini kwa heshima yako. Kwa wanaolazimika kusimama kazini, soksi za kubana miguu husaidia, ingawa kuzivaa tumbo likishakuwa kubwa ni zoezi linaloweza kukutoa jasho kuliko foleni yenyewe.

Asubuhi haina mengi. Usiruke kitandani. Geuka ubavu, kaa ukingoni, miguu ining'inie kidogo, ndipo usimame. Usiku ukiamka kwenda chooni ni vivyo hivyo, na huko usiku ndiko wengi huanguka kwa sababu wana haraka. Maji ya kuoga yakiwa ya moto sana hutanua mishipa, kwa hiyo yapoze, na mlango usiufunge kwa komeo.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kizunguzungu cha kulala chali. Hakuna aliyekuwa amenitajia. Nilikuwa nimelala kitandani nikipimwa, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, mkunga akiendelea na kazi yake, nikaanza kusikia moyo unakwenda mbio na pumzi inakata. Nikadhani ni hofu. Mkunga aliniangalia usoni mara moja tu, akasema, "Mama, geukia kushoto." Nikageuka. Kabla hajamaliza kuandika alichokuwa anaandika, nilikuwa mzima.

Maelezo yake ni mepesi. Nyuma ya mji wa mimba, ukiegemea upande wa kulia wa uti wa mgongo, kuna mshipa mkubwa unaorudisha kwenye moyo damu yote ya miguuni na ya nyonga. Kuanzia takriban wiki ya 20, mji wa mimba unakuwa mzito wa kutosha kuukandamiza mshipa huo ukilala chali. Damu isiporudi kwenye moyo, moyo hauna cha kusukuma, presha inaanguka. Wengi hawahisi chochote kwa sababu damu hupata njia za pembeni. Wachache, nikiwemo, hali huwabadilika ndani ya dakika chache. Ukigeuka ubavu uzito unaondoka juu ya mshipa. Upande wa kushoto ndio unaopendekezwa zaidi, lakini hata wa kulia ni bora kuliko chali.

Kuanzia wiki ya 28 wajawazito hushauriwa waanze usingizi wao kwa ubavu, kwa sababu kulala chali miezi ya mwisho kumehusishwa na ongezeko la hatari ya mtoto kufia tumboni. Hapa nisingependa mtu akeshe macho akijichunga. Ukishtuka usiku ukajikuta chali, geuka ubavu ulale tena. Mto nyuma ya mgongo unatosha kukuzuia. Na wakati wa kupimwa au kufanyiwa altrasaundi, ukihisi vibaya sema hapohapo. Wanaopima wanaijua hali hii, na wataweka kitu chini ya kiuno chako upande mmoja bila kukuona mdekaji.

Njaa na kiu nazo zina sehemu yao. Ujauzito hupunguza kiasi cha sukari kinachobaki kwenye damu mtu akiwa na tumbo tupu, kwani mtoto anachota usiku na mchana bila mapumziko. Kwa hiyo pengo la saa nyingi kati ya mlo na mlo, ambalo zamani ulilibeba bila shida, sasa linakutetemesha mikono. Kula kidogo kidogo na mara kwa mara kunasaidia zaidi kuliko kujaza sahani mara moja, hasa kwa vile baada ya mlo mzito damu nyingi huelekea tumboni. Maji nayo unywe bila kusubiri kiu. Rangi ya mkojo ni kipimo kizuri: ukiwa wa njano iliyoiva, umechelewa kunywa.

Ushauri huu, lakini, ni mzaha kwa mwanamke anayetapika kila anachomeza. Yule unayemwambia "jitahidi ule" anajitahidi kuliko unavyojua. Kama maji hayakai tumboni kwa siku nzima, kama mkojo umekuwa mchache na mweusi, kama uzito umepungua kwa zaidi ya asilimia 5 ya ule aliokuwa nao kabla ya mimba, hapo hatuzungumzii tena kichefuchefu cha asubuhi. Anahitaji dripu na dawa, na zipo dawa za kuzuia kutapika ambazo hutumika salama kwa wajawazito. Kizunguzungu chake kitaondoka mwili ukipata maji. Asiambiwe avumilie mpaka mwezi wa nne.

Nije kwenye damu, maana kila mjamzito akisema kizunguzungu jibu la kwanza la jirani ni "una upungufu wa damu." Wakati mwingine jirani yuko sahihi. Maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu, hivyo kile kliniki wanachokiita wingi wa damu, yaani himoglobini iliyomo kwenye chembe nyekundu, kikipimwa hushuka kidogo hata kwa aliye mzima kabisa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kwa mjamzito kuanzia chini ya gramu 11 kwa desilita katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, na chini ya 10.5 katikati. Chini ya 7 ni upungufu mkali. Nambari hiyo hupatikana kwa kipimo, haisomwi kwenye viganja wala kwenye weupe wa macho, ingawa weupe huo ukiwepo ni sababu nzuri ya kwenda kupima. Mwenye upungufu kwa kawaida huchoka muda wote, hupumua kwa shida akipanda ngazi, moyo humpiga. Kizunguzungu chake huenda kisiondoke kabisa kwa kukaa chini.

Shirika hilohilo linapendekeza kila mjamzito ameze kila siku madini chuma kati ya miligramu 30 na 60 pamoja na foliki asidi miligramu 0.4. Ni vile vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki na wengi wetu tunaviacha kwenye mkoba. Simlaumu mtu, vinafunga choo, vinakigeuza cheusi na vinaleta kichefuchefu. Vimeze usiku kabla ya kulala kama asubuhi vinakushinda. Chai na kahawa ziache zikae mbali navyo kwa saa moja au mbili kwa sababu huzuia mwili kufyonza chuma, na tunda chachu lenye vitamini C husaidia. Vikikushinda kabisa, sema kliniki ili ubadilishiwe aina au kipimo. Na pale penye malaria au minyoo, vidonge peke yake havitoshi. Damu inaliwa huku unaiongeza, kwa hiyo kamilisha dawa za kinga utakazopewa na ulale ndani ya chandarua.

Yote niliyoyaandika hadi hapa ni ya kizunguzungu kinachokuja, unakaa, kinaondoka. Kipo kingine ambacho hakitibiwi kwa kukaa, na hicho ndicho kinachonifanya nisimwambie mtu yeyote "ni kawaida" kabla sijamuuliza maswali.

Swali la kwanza ni la miezi mitatu ya mwanzo: je, una maumivu ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, au unatokwa damu? Maumivu ya ncha ya bega yasiyo na sababu yanahesabika pia. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi inaweza kupasua mrija na damu ikavuja ndani kwa ndani, bila tone kuonekana nje. Kuzimia kunaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza kubwa. Huyu haendi kupumzika, anakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama hajathibitisha kuwa ana mimba, ilimradi siku zake zimepita.

Baada ya wiki ya 20 maswali yanabadilika. Kichwa kinachouma sana na hakisikii dawa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: hapo presha huenda imepanda badala ya kushuka, na presha ya 140/90 au zaidi kwa mjamzito haisubiri tarehe ya kliniki, kwa sababu mbele yake kuna kifafa cha mimba. Tumbo kukakamaa na kuuma bila kuachia, au damu kutoka ukeni, huweza kuwa kondo la nyuma limeanza kubanduka. Pumzi kukatika ghafla na kifua kuchoma, pengine mguu mmoja umevimba na kuuma, ni dalili za bonge la damu lililokwenda kwenye mapafu. Ukizimia ukiwa umelala au katikati ya kazi ya nguvu, au moyo ukipiga bila mpangilio kabla hujazimia, moyo wenyewe upimwe. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama ni dharura kwa mtu yeyote, mwenye mimba na asiye nayo. Na kama mtoto amepunguza kucheza baada ya wewe kuanguka, usingoje kesho.

Ukianguka ukajigonga tumbo baada ya mimba kukua, nenda ukaangaliwe hata kama hakuna maumivu. Kama kundi lako la damu ni hasi (kwa mfano O hasi), litaje mwenyewe bila kuulizwa, maana kuna sindano ambayo unaweza kuihitaji ndani ya saa 72.

Neno kwa aliye karibu naye. Mjamzito akizimia, mlaze kwa ubavu wa kushoto, legeza nguo za kubana, waombe watu wasogee wapishe hewa. Hakuna haja ya kummwagia maji, na usimpe cha kunywa mpaka awe amezinduka na anajibu vizuri. Kuzimia kwa kawaida huisha ndani ya dakika moja hivi. Asipozinduka, au akitetemeka mwili mzima, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Muweke ubavu, mkinge asijigonge, na usafiri utafutwe mara moja. Tetemeko dogo la sekunde chache hutokea hata kwenye kuzimia kwa kawaida, ila kwa mjamzito uamuzi huo waachie wahudumu. Anayeendesha chombo cha moto akisikia dalili ya kwanza, asimame pembeni. Sijui kwa nini hili huhitaji kusemwa, lakini nimeshaona mtu akiendesha dirisha likiwa wazi ili "apate hewa."

Kliniki usiseme "nasikia kizunguzungu" ukanyamaza. Eleza kama nyumba inazunguka au macho yanaingia giza, kwa sababu kuzunguka huweza kutokana na sikio la ndani na tiba yake ni nyingine. Sema ulikuwa umefanya nini kabla, umekula saa ngapi, dawa gani unatumia. Dawa za kushusha presha, kwa mfano, zinaweza kukushusha kupita kiasi. Omba presha ipimwe ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au namba ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, hapo wana kitu cha kushika.

Na ukishajifungua, usidhani mambo yameisha siku hiyo. Umepoteza damu, pengine hujala kwa saa nyingi, na mishipa bado haijarudi kwenye hali yake. Mara ya kwanza kuinuka kitandani kwenda chooni ni wakati ambao wengi huzimia. Muite mtu akusindikize mpaka ndani, akusubiri hapohapo, na mtoto abaki kitandani kwake wakati huo.